Ndoa ya Kikristo Ufukweni: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara na Maharusi

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, nahudumu usharika wa pwani upande wa Dar es Salaam, mahali ambapo ukitulia kidogo baada ya ibada unasikia mawimbi. Kila mwaka maharusi wananijia na ombi moja: tunataka kufungia ndoa yetu ufukweni. Wengine ni vijana wa hapa hapa waliojifunza kuogelea kabla ya kusoma. Wengine wametoka Moshi, Mbeya au Bukoba. Wengine wanaishi ughaibuni na wanakuja nyumbani Desemba, wana wiki tatu tu za likizo na orodha ndefu ya mambo ya kukamilisha.

Maswali yao yanafanana, nami nimeyajibu kwa simu mpaka nikaona ni heri niyaandike. Ninayoyasema yanahusu Tanzania Bara na desturi ya kanisa ninalolitumikia. Kama wewe ni wa kanisa lingine, anza kwa mchungaji au padri wako.

Kanisa linaruhusu ndoa kufungwa ufukweni?

Inategemea kanisa lako, na hata ndani ya kanisa moja inategemea viongozi. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa inataka ndoa ifungwe katika kanisa la parokia, na ruhusa ya kuifungia mahali pengine panapofaa hutoka kwa askofu. Sisi Walutheri tunaanzia kwa mchungaji wa usharika na wazee wa kanisa. Wako wachungaji watakaowaambia wazi kwamba viapo visemwe mbele ya madhabahu, kisha mwende baharini kwa sherehe na picha. Msiwaone wagumu. Wanalinda jambo la maana, kwamba ndoa ni ibada kwanza na tafrija baadaye.

Mimi huruhusu kwa sharti moja: ufukweni pawe kanisa kwa saa ile. Pawe na msalaba, Neno lisomwe, tuimbe, tuombe. Baa ya jirani ifunge muziki mpaka baraka ya mwisho.

Tena tusisahau kwamba pwani yetu si ngeni kwa Injili. Mmisionari Krapf alishukia Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, na vijana waliokombolewa utumwani walifungishwa ndoa pale na kuanza maisha katika kijiji cha misheni. Watu waliokuwa wakiuzwa kama mizigo walisimama mbele ya Mungu wakasema "nimekubali" kwa hiari yao, na bahari ile iliyokuwa iwapeleke utumwani ilikuwa inaonekana palepale. Kila nikisimama mchangani na maharusi nawakumbuka hao.

Ndoa ya ufukweni ni halali kisheria?

Ndiyo, ikiwa imefungishwa na kiongozi wa dini mwenye leseni na mengine yote yametimia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la kufunga ndoa litolewe angalau siku 21 kabla, wote wawili wakubali kwa hiari, na wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Kanisani tunatangaza Jumapili tatu mfululizo, tangazo la kwanza, la pili na la tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati mnatia sahihi siku ile ile na nakala inakwenda kwa msajili, chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Walio ughaibuni hapa ndipo wanapokwama. Mtu anatua uwanja wa ndege tarehe 15 Desemba, ndoa tarehe 20, na hakuna tangazo hata moja lililosomwa. Andikeni mapema, leteni barua ya kanisa mnakosali huko kwamba hamjafunga ndoa na wala hamna pingamizi, na semina ya ndoa tunaweza kuifanya kwa simu ya video. Nimeshafanya hivyo usiku wa manane kwa saa zetu, na sikuona taabu.

Kuhusu umri sina mjadala. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikwishasema kwamba vifungu vinavyomruhusu binti aliye chini ya miaka 18 kuolewa vinakwenda kinyume na Katiba. Sifungishi ndoa ya mtoto, awe ameletwa na baba yake au na nani.

Kwa nini unasisitiza sana kipaza sauti?

Kwa sababu ya bibi mmoja.

Ndoa yangu ya kwanza ufukweni ilikuwa nzuri kuitazama. Njia ya makuti, maua meupe, bibi harusi amevaa gauni jepesi lisilo na mkia mrefu. Sikuwa na kipaza sauti. Nilijiambia sauti yangu inajaza kanisa zima, itashindwaje na watu 80 waliokaa karibu? Upepo ulikuwa wa kusi, mwezi wa saba. Nilisema maneno ya kiapo, bwana harusi akayarudia, bibi harusi akayarudia, pete zikavishwa, vigelegele vikapigwa.

Watu walipokuwa wanapanga foleni ya kupongeza, bibi mzaa mama wa bibi harusi akanishika mkono. Alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri ya siku iliyotangulia. Akaniambia polepole, bila hasira, "Baba mchungaji, mjukuu wangu nimemwona akiolewa, lakini sikumsikia."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemnyima kitu alichokifuata safari nzima. Mtu hafungi safari ya siku mbili kuja kutazama midomo ikicheza. Anakuja awe shahidi, na ushahidi wa kiapo ni kukisikia. Mwaka wa tano au wa kumi wa ndoa, maji yakizidi unga, wanandoa wanahitaji mtu wa kuwaambia, "Nilikuwepo, nilikusikia ukiahidi." Bibi yule angekuwa mtu huyo.

Tangu siku ile, kila uamuzi ninaoufanya kuhusu ndoa ya ufukweni, tarehe, saa, mahali pa viti, nani asimame wapi, naupima kwa jambo hilo moja: je, aliyekaa kiti cha mwisho atakisikia kiapo?

Kwa hiyo tafuteni vipaza sauti vya kubana kwenye nguo, viwili, kimoja changu na kimoja cha bwana harusi. Bibi harusi akisogea karibu sauti yake inaingia. Vivalishwe sponji, bila hiyo upepo unanguruma kama lori. Spika moja mbele na moja katikati ya wageni. Jenereta likae mbali, nyuma ya jengo, hata kama waya mrefu utaongeza gharama.

Tuchague tarehe gani?

Kabla hamjachapa kadi, tazameni mwezi. Nasema mwezi wa mbinguni.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunakuwa na bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana, tofauti yake hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haitoki mbali wala haipandi sana. Wavuvi wanayajua haya bila karatasi. Maharusi wengi hawayajui.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mtego ulipo. Pwani hii, siku za bamvua, maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kamati ya harusi inakuja kukagua eneo asubuhi, inakuta mchanga umetanda mpaka kule, watoto wanacheza mpira. Wanapima kwa hatua, wanasema hapa wataingia watu 200. Kadi zinaandikwa saa 10 jioni. Saa ambayo bahari inarudi kudai mahali pake.

Yalinikuta. Mpambaji alifika mapema akasimika tao la maua, akapanga viti vyeupe vya plastiki kwa mistari, akatandika zulia. Saa 9 nilipofika nikaona mchanga umelowa karibu na tao. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa anatengeneza ngalawa, "Leo maji yanafika wapi?" Akanyoosha kidole chake mpaka nyuma ya mstari wa mwisho wa viti. Nikamwita mwenyekiti wa kamati. Akaniambia, "Mchungaji, tuwahi tu, dakika ishirini zinatosha."

Nilikataa, na nilikataa kwa upole kadiri nilivyoweza, maana mtu huyo alikuwa amehangaikia shughuli ile miezi sita. Kiapo hakisemwi kwa kukimbizana na wimbi. Nikawaomba wageni wanaume wavue viatu, kila mmoja akabeba viti viwili, tukahamia juu chini ya mivinje. Mpambaji alilia kidogo. Tao lilibaki pale; kabla ya somo la kwanza maji yalikuwa yamelizunguka, maua yanaelea.

Chini ya mivinje palikuwa na kivuli, majani yalivunja upepo, na kiapo kilisikika mpaka kwa madereva waliokaa kwenye magari. Siku hizi napendekeza mivinje tangu mwanzo. Bahari mnaiona vilevile.

Basi: siku za maji mafu ndizo za ndoa ya jioni. Mkitaka tarehe ya bamvua kwa sababu nyingine, kaeni juu ya mstari wa mwani mkavu, pale takataka za bahari zilipolala. Mstari huo ndio unaoonyesha maji yalipofika. Mtu wa kuulizwa ni mvuvi wa pale pale.

Tunataka kiapo wakati jua linazama baharini. Inawezekana?

Kwa Dar es Salaam, Bagamoyo na sehemu kubwa ya pwani yetu, hapana. Ufukwe unatazama mashariki: jua hutoka baharini na kuzama nyuma yenu, kwenye minazi. Picha mlizoziona mtandaoni nyingi zimepigwa pwani za magharibi, kama upande wa Unguja unaotazama bara. Jua la jioni mgongoni mwa wageni ni zuri zaidi kwa ibada, kwa sababu hawakunji nyuso, na maharusi wanapowageukia nyuso zao zinang'aa.

Msipange kiapo karibu na magharibi. Giza letu linaingia haraka, na harusi zetu, tusidanganyane, huchelewa. Saa 9 na nusu alasiri ni saa nzuri.

Kama mnaweza kuamka, fungeni alfajiri. Nimefungisha ndoa moja saa 12 na nusu asubuhi, watu 30, jua linapanda juu ya maji, chai ya tangawizi na vitumbua baadaye. Upepo ulikuwa umelala, sikuhitaji hata spika. Katika ndoa zote za baharini, hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote.

Msimu gani ni mzuri?

Masika, Machi mpaka Mei, msithubutu bila ukumbi wa karibu. Juni mpaka Agosti hali ya hewa ni ya kupendeza lakini kusi inavuma kwa nguvu. Desemba mpaka Februari ni kaskazi, joto kali. Wapeni wageni maji ya kunywa kabla ya ibada, si baada. Septemba ndiyo nipendayo mimi.

Maharusi wasimame upande gani?

Mimi nasimama bahari ikiwa mgongoni, maharusi wananitazama, wageni nyuma yao. Upepo wa baharini unaibeba sauti kwenda kwa watu. Marko sura ya 4 inasema Bwana Yesu aliingia chomboni akakaa baharini, na mkutano wote ukawa nchi kavu. Nilisoma mstari huo miaka mingi kabla ya kusimama mwenyewe mahali pale na kuelewa kwamba chombo kile kilikuwa mimbari yake.

Ukifika wakati wa kiapo ninawageuza maharusi watazamane, ubavu wao kwa wageni. Bibi harusi akae upande ambao upepo hautamfunika uso kwa shela. Na shela fupi, jamani. Nimeshuhudia msimamizi akitumia ibada nzima kuishika shela kwa mikono miwili kama mtu anayeshusha tanga.

Si Yesu alionya juu ya kujenga kwenye mchanga?

Wazee huniuliza hili kwa dhati, na ninawashukuru. Someni tena Mathayo 7:24-27. Watu wale wawili wote waliyasikia maneno yake. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliyafanya na mwingine hakuyafanya. Mchanga wa mfano ule uko moyoni mwa asikiaye asitende. Nawe unaweza kuwa nao ukiwa umesimama juu ya vigae vya kanisa kubwa kuliko yote mjini. Lakini ili mtu ayafanye lazima kwanza ayasikie, na hapo narudi kwenye kipaza sauti.

Tusome somo gani?

Wengi wanachagua 1 Wakorintho 13, na ni sawa. Kwa baharini napenda Wimbo Ulio Bora 8:6-7, panaposema maji mengi hayawezi kuuzima upendo; ukisoma hapo nyamaza kidogo, acha wimbi moja livunjike. Ruthu 1:16-17 linawafaa wanaoolewa mbali na kwao. Kwa familia za wavuvi husoma Zaburi 107:23-30, na nimewaona wanaume wazima wakifuta macho, maana ile hofu ya dhoruba wanayoijua wao si ya kusimuliwa.

Tunaweza kuandika viapo vyetu wenyewe?

Mnaweza kuyasema maneno yenu baada ya kiapo cha kanisa, si badala yake. Katika raha na shida, utajiri na umaskini, uzima na ugonjwa, hadi kifo kitakapotutenganisha: maneno haya yamebeba watu wengi kabla yenu. Hayategemei hisia za siku ile. Mkiongeza yenu, yawe mafupi, yaandikwe kwa kalamu na si kwenye simu; jua la ufukweni linaifanya simu isisomeke.

Bwana harusi mmoja alisema sentensi moja tu: "Nikikosea nitasema samahani kabla ya kulala." Mkewe alicheka akalia hapo hapo. Nimekutana nao mara kadhaa tangu hapo, na mwanamke yule ananiambia bado anamdai kwa maneno yale yale, naye bwana analipa.

Mmoja wetu ni Mwislamu. Utatufungisha?

Pwani hii swali hili si la ajabu, familia nyingi zimechanganyika. Kwa utaratibu wa kanisa langu siwezi kufungisha ndoa ya Kikristo kwa mtu asiyekiri imani hiyo, wala sitamshawishi mtu abatizwe haraka haraka kwa ajili ya harusi. Ubatizo wa namna hiyo haumheshimu Mungu, haumheshimu mhusika, na hauheshimu imani ya wazazi wake. Sheria inawapa njia ya ndoa ya kiserikali, ile tunayoiita ya bomani. Njooni tuzungumze kabla, pamoja na wazazi wa pande zote. Nimekaa vikao vya aina hiyo hadi usiku, na niliowaona wakitoka na amani ni wale waliosema ukweli mapema.

Kuhusu majirani wa ufukweni?

Ufukwe una wenyewe, hata kama hamuoni uzio. Uliza kama pale ni diko, mahali ambapo wavuvi wanashusha samaki. Kama ni diko, msipange viti kwenye njia ya vyombo vyao. Pitieni serikali ya mtaa, mzungumze na viongozi wa wavuvi, na siku ya shughuli wakaribisheni chakula. Wamefanya nanyi ujirani, nanyi fanyeni.

Tena ulizeni saa za sala. Siku moja nilikuwa ndiyo kwanza nimemwambia bwana harusi ashike mkono wa kuume wa bibi harusi, adhana ya alasiri ikaanza kutoka msikiti wa kijiji. Nilifunga kitabu. Tukasimama kimya, wageni wote, maharusi wameshikana mikono, mpaka muadhini alipomaliza. Ilikuwa kama dakika tatu. Kisha nikaendelea. Baada ya ibada mzee mmoja wa pale, amevaa kanzu na kofia, aliyekuwa anatazama kutoka kwenye kivuli cha mkungu, akaja kunipa mkono. Alisema, "Mmetustahi." Tangu hapo tukienda kijiji kile tunapokewa kama watu wa nyumbani, na ninaipanga saa ya kiapo baada ya adhana.

Wazee na wageni wasioweza kutembea mchangani tuwafanyeje?

Wawekeni kwenye hesabu kabla ya maua. Kiti cha magurudumu kinazama mchangani. Tandikeni mbao kutoka barabarani hadi kiti cha mbele, au pangeni vijana wanne wa kubeba, na mwambieni mzee mapema ili asibebwe kwa kushtukizwa mbele za watu. Mstari wa kwanza ni wao, upande wa spika. Kwenye kadi andikeni wazi kwamba ibada ni mchangani ili akina mama waache viatu vya mchuchumio nyumbani.

Pete?

Kwenye kikasha chenye kifuniko, mkononi mwa msimamizi mtu mzima. Mtoto abebe kimto kitupu. Tulishawahi kuchekecha mchanga kwa chekecheke la unga la mama lishe kwa nusu saa. Tuliipata, ila kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zote inazozijua.

Karatasi nazo zibaneni kwa vibanio vya nguo. Hati ya ndoa tunatia sahihi ndani ya jengo, sitaki upepo wala chumvi karibu na rejista.

Wapiga picha na droni je?

Wapiga picha wasisimame kati ya maharusi na wazazi wakati wa kiapo. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ikiwa nacho, haitaruka juu ya kiapo. Ile sauti yake kama nyuki inameza maneno. Iruke kabla au baada.

Tumekaa pamoja miaka mingi na tuna watoto. Tunaona haya.

Msione haya kuja. Kubariki ndoa ni moja ya kazi zinazonipa furaha kubwa kuliko zote. Nilibariki ndoa ya mvuvi na mkewe waliokwisha kukaa miaka 19. Mahari ilikwishalipwa, wazazi walishakubali, fedha ya sherehe ndiyo haikupatikana, na mwaka ukapita mwingine ukaja. Tuliwafungia pale pale anapofunga chombo chake. Hapakuwa na tao wala zulia. Binti yao mkubwa alishika kitabu changu kisipeperuke, mdogo alishika pete. Mwanamume alipofika kwenye neno "ugonjwa" alisimama akashindwa kuendelea, kwa sababu mkewe alikuwa amemuuguza mwaka mzima na kila mtu pale alijua. Akarudia tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayeita chombo cha mbali. Hatukuwa na spika, na hapakuwa na mtu ambaye hakusikia.

Kwa hiyo msisubiri michango ifikie bajeti ya kamati. Kanisa halidai ukumbi.

Kamati ina fedha kidogo. Tupunguze nini?

Mapambo. Bahari imekwisha kupamba. Kisha keki. Sauti na usafiri wa wazee visiguswe.

Tunakulipa kiasi gani?

Ibada ya ndoa haina bei. Toeni sadaka yenu ya shukrani kwa usharika kama mnavyoongozwa, na kama eneo ni mbali gharama ya usafiri izungumzwe mapema. Mtu akikutajia bei ya kufungisha ndoa kabla hajakuuliza jina lako, endelea kutafuta.

Na Zanzibar?

Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara; Zanzibar ina utaratibu wake, na kanisa la kule ndilo la kuwaongoza. Wanaoniomba ushauri huwaambia waulize kuhusu kiapo katika kanisa la Waanglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kisha waende ufukweni kula na kucheza. Kusema "kwa hiari yangu" juu ya ardhi ile kuna uzito wake. Na kwa kuwa wenyeji wengi ni Waislamu, mavazi ya sherehe nje ya hoteli yawe ya staha.

Siku yenyewe utafika saa ngapi?

Saa mbili kabla yenu. Navua viatu natembea eneo lote, naangalia mwani umelala wapi, namtafuta mvuvi mmoja nimuulize maji. Kisha namwomba mwinjilisti asimame mahali nitakaposimama mimi, asome kiapo kwa sauti ya kawaida, nami nakwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa nyuma, kona ya upande ule upepo unakotoka. Nafumba macho. Nisipolisikia kila neno, tunahamisha viti.